Kadi ya Salamu kwa Nusu Saa: Mwongozo Kamili, Kuanzia Maneno hadi Bahasha

Kadi niliyoitunza kwa miaka mingi kuliko zote haina maua, haina vimetameta, wala haina shairi. Ni kipande cha manila nyeupe kilichokunjwa mara moja, mbele kimepitishwa uzi mwekundu mmoja, na ndani mna sentensi mbili zilizoandikwa kwa kalamu ya kawaida. Aliyenitengenezea hakutumia zaidi ya nusu saa. Lakini mkunjo wake umenyooka kama wa kiwandani, na sentensi zile mbili zisingeweza kuandikiwa mtu mwingine ila mimi.

Tangu hapo nimetengeneza kadi nyingi, na kila nikikaa na mtu kumwonyesha kazi hii narudi kwenye mambo hayo mawili: mkunjo safi na maneno yenye mwenyewe. Pambo linakuja la tatu. Wengi huanzia kwenye pambo, wanabandika hiki na kile, muda unawaishia, halafu ndani wanaandika "Heri na fanaka" mkono ukiwa umeshachoka. Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio mwingine.

Wala usione vibaya kutaka njia ya haraka. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani ilitokana na mtu asiye na muda. Mwaka 1843, mjini London, Henry Cole alikuwa na rundo la barua za kujibu, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ambayo angeweza kuituma kwa watu wengi. Zilichapwa nakala zipatazo 1,000, zikatiwa rangi kwa mkono na kuuzwa shilingi moja ya Kiingereza kila moja.

Anza na maneno

Kabla hujagusa mkasi, chukua karatasi chakavu uandike utakachosema. Sababu ya kwanza ni ya kiufundi: urefu wa maneno ndio unaokuambia kadi iwe kubwa kiasi gani, na ndani iachwe nafasi ipi. Sababu ya pili ni kwamba maneno yakishapatikana, pambo hujitokeza lenyewe. Ukimwandikia rafiki kuhusu safari mliyokwenda pamoja kwa baiskeli, tayari umeshapata picha ya mbele.

Njia ninayoitumia ni kutafuta jambo moja dogo ambalo mimi nalijua na mwingine hawezi kulikisia. Linganisha hizi mbili. "Hongera kwa kuhitimu, Mungu akufungulie milango." Ni maneno mazuri, lakini yanamfaa kila mhitimu duniani. Sasa hii: "Hongera, mdogo wangu. Nilikuwa naamka usiku kunywa maji nakukuta bado uko mezani na daftari lile la jalada la bluu." Hapo huna haja ya kuongeza kitu, mpokeaji atajiona humo.

Kadi ya pole ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayosomwa mara nyingi zaidi. Usimweleze mfiwa namna ya kujisikia, wala usimpe sababu za msiba wake. Mpe pole, mtaje marehemu kwa jina, kisha eleza kitu kimoja ulichokiona kwake: "Nakumbuka alivyokuwa akisimama mlangoni hadi mgeni wake apotee machoni." Kwa mgonjwa, epuka kumwahidi atapona lini. "Ugua pole" inatosha, na baada yake mpe habari ya kumchangamsha au mwambie siku utakayokwenda kumwona.

Kadi ya asante itaje chenyewe ulichopewa au ulichotendewa. "Asante kwa yote" hupita hivihivi. "Asante kwa kunikalia watoto siku ile ya usaili" hubaki. Na ukimwandikia aliyekuzidi umri, anza kama ungeanza ukiwa mbele yake: "Shikamoo shangazi" ina joto kuliko "Mpendwa shangazi", kwa sababu ndivyo unavyomwita kila siku.

Sentensi mbili hadi nne zinatosha. Zisome kwa sauti. Zikikukwama mdomoni zitamkwama na yeye.

Vifaa, kwa kifupi

Karatasi ya manila, rula (ya chuma ni bora kwa sababu wembe hauiumi), penseli, kifutio, mkasi, kisu cha kukatia karatasi au wembe, gundi ya kijiti, kalamu ya bei ya kawaida iliyoisha wino, na kitu cha kukatia juu yake, kama kadibodi nene au ubao wa zamani. Hivyo tu vinakutolea kadi safi. Uzi, sindano, kalamu za rangi na magazeti ya zamani ni nyongeza. Usiende dukani kununua vifaa vya mapambo kabla hujatengeneza kadi tano kwa vitu ulivyo navyo, maana hujajua bado mkono wako unapenda nini.

Karatasi na vipimo

Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina uzito wa gramu 80 kwa mita mraba. Ni nyepesi mno kwa kadi: itajilalia yenyewe ikisimamishwa. Tafuta yenye gramu 200 hadi 300. Chini ya hapo kadi hulegea, na juu ya hapo hupasuka kwenye mkunjo. Kama pakiti haina maandishi, shika karatasi kwa kona moja na uitikise. Ikining'inia kama kitambaa, iache.

Kipimo ninachopendekeza kwa anayeanza ni hiki: karatasi moja ya A4 ikatwe katikati, itoe kadi mbili. A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiikata kwa upana, unapata vipande viwili vya A5, kila kimoja milimita 148 kwa 210, na kila kipande kikikunjwa unapata kadi ya A6, yaani karibu sentimita 10.5 kwa 14.8. Vipimo hivi vilipangwa Ujerumani mwaka 1922 kwa uwiano unaofanya kila nusu ibaki na umbo lilelile la karatasi nzima. Ndiyo maana hakuna kipande kinachobaki cha kutupa, na bahasha ya C6, ambayo ina milimita 114 kwa 162, hupokea kadi hiyo bila kubanana.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi, nalo ndilo linalotofautisha mkunjo laini na mkunjo wenye mipasuko: karatasi ina nyuzi, na nyuzi hizo hulala upande mmoja kama za ubao. Ukikunja sambamba na nyuzi, karatasi hukubali. Ukikunja kwa kuzikata, ukingo hutoa vijimeno vyeupe, hasa kwenye manila ya rangi nzito. Kuzijua ni rahisi. Pindisha karatasi kidogo, bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, huku ukiikandamiza kwa kiganja. Upande mmoja utakusukuma kwa nguvu na mwingine utalegea. Ule uliolegea, mstari wa mpindo wake ndio mwelekeo wa nyuzi. Kama bado una shaka, chana kipande cha kutupa: mchano unaokwenda sawa unafuata nyuzi, na unaopinda hovyo unazikata.

Karatasi nyingi za A4 nyuzi zake huenda kwa urefu. Ukikata A4 kwa upana na kukunja kila nusu kama nilivyoeleza hapo juu, mkunjo unaangukia sambamba na nyuzi. Manila hutofautiana, kwa hiyo jaribu kwanza.

Mkunjo

Hapa ndipo pa kwenda polepole. Dakika tatu zinazotumika hapa huonekana kuliko nusu saa ya mapambo.

Laza kipande cha A5 juu ya gazeti lililokunjwa mara kadhaa, ili pawe na ulaini kidogo chini. Upande unaotaka uwe nje ya kadi utazame juu. Pima katikati, sentimita 10.5 kutoka kushoto, uweke alama ndogo ya penseli juu na nyingine chini. Usipime sehemu moja tu ukaamini macho. Weka rula ipite kwenye alama zote mbili na uibane kwa vidole vilivyotanuliwa, kimoja karibu na kila mwisho, maana rula inayobanwa katikati peke yake huzunguka.

Sasa chukua ile kalamu iliyokwisha wino. Ipitishe kando ya rula kutoka juu hadi chini kwa mkandamizo wa wastani, kisha rudia mara ya pili kwa nguvu zaidi. Huchani karatasi, unaichimbia mfereji. Ukipitisha kidole upande wa nyuma utasikia kituta chembamba kimeinuka. Kituta hicho kinatakiwa kibaki ndani ya kadi, kwa hiyo unakunja kwenda nyuma, mbali na mfereji. Watu wengi hukunja kuelekea kwenye mfereji kwa sababu unaonekana kama unawaita. Manila nyembamba husamehe kosa hilo. Nene hupasuka ngozi.

Kunja taratibu, kutanisha kona za juu kwanza, halafu za chini, na mkunjo wenyewe uubane mwisho. Kona zikishakutana zishike kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine teleza kutoka katikati kwenda juu, kisha kutoka katikati kwenda chini. Weka karatasi safi juu yake, ndipo upitishe mgongo wa kijiko kwa nguvu. Ukipitisha kijiko moja kwa moja juu ya manila, kinaacha mng'ao usiofutika.

Kingo za mbele na nyuma zikipishana kwa milimita moja, usifungue kadi kuikunja upya. Bana rula juu ya kadi iliyofungwa, ukate ukingo huo kwa wembe mara moja. Kingo zitalingana.

Kama umetumia manila ya rangi iliyokolea, wino hautaonekana ndani. Kata karatasi nyeupe ya kawaida iliyo ndogo kwa milimita tatu kila upande, ikunje, na uibandike kwa mstari mwembamba wa gundi kwenye mgongo tu. Ukiipaka gundi kote itakunjamana.

Pambo moja kwa kadi moja

Chagua njia moja kati ya hizi. Ukichanganya mbili, moja inaiua nyingine, na muda unaondoka.

Ya haraka kuliko zote ni vipande virefu vya karatasi. Chukua kurasa za rangi za magazeti ya zamani au karatasi ya kufungia zawadi iliyokwisha kazi, ukate utepe wa upana wa milimita tano hadi nane kwa rula na wembe. Kwa siku ya kuzaliwa, simamisha tepe tano za urefu tofauti zikiwa zimepangana chini, na juu ya kila moja bandika tone dogo la karatasi ya njano. Hiyo ni mishumaa, na mtoto wa miaka minne ataitambua. Kwa kadi ya pole, tepe tatu za rangi moja iliyotulia zilazwe chini ya kadi, na sehemu yote ya juu iachwe wazi. Nafasi tupu inafanya kazi yake. Usiijaze.

Njia ya pili ni muhuri wa kifutio, na hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ukiuchonga mara moja unakutumikia miaka. Chora umbo rahisi kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini: jani, ndege, nyota, herufi. Geuza karatasi, ibandike uso kwa uso juu ya kifutio kikubwa, usugue kwa ukucha. Mchoro utahamia kwenye kifutio ukiwa umegeuka kama kwenye kioo, na ndivyo unavyotakiwa kuwa, maana ukipiga muhuri utarudi sawa. Hii inakuokoa hasa kwenye herufi, ambazo wengi huzichonga moja kwa moja halafu zikatoka kinyume.

Chonga kwa ncha ya wembe au kisu kuzunguka mstari, ukiinamisha kisu kutoka kwenye umbo kwenda nje, ili umbo liwe na kitako kipana kama mlima. Ukikinamisha kuingia ndani, ncha nyembamba kama kikonyo cha jani hukosa kitako na kukatika kwenye mpigo wa tatu au wa nne. Ondoa sehemu zisizohitajika kwa kina cha milimita tatu hivi. Kama huna kidau cha wino, paka uso wa muhuri kwa kalamu ya rangi yenye wino wa maji, uupulizie pumzi ya joto kama unayesafisha miwani, kisha gandamiza. Pumzi inarudisha unyevu, rangi inatoka kamili. Bonyeza wima, hesabu mbili, inua wima. Usiuyumbishe.

Piga kwanza kwenye karatasi ya majaribio hadi ujue kiasi cha wino. Kisha panga: majani matatu au matano yanakaa vizuri machoni kuliko manne, na moja likitoka nje ya ukingo wa kadi, mpangilio unaonekana kama unaendelea. Ili lipite ukingoni, weka karatasi chakavu chini ya kadi upige nusu ndani, nusu nje.

Njia ya tatu ni uzi. Chora mstari hafifu wa penseli, laza kadi iliyofunguliwa juu ya taulo lililokunjwa, utoboe matundu kwa sindano kila baada ya nusu sentimita. Toboa yote kwanza, ndipo ushone. Anayeshona na kutoboa kwa wakati mmoja huchana karatasi. Mwisho wa uzi usiufunge fundo, maana fundo huacha uvimbe. Ulaze ndani na kipande kidogo cha selotepu, kisha funika kwa karatasi ile nyeupe ya ndani. Moyo, kamba ya puto, upeo wa bahari, vyote vinatoka kwa mshono wa kawaida wa kwenda na kurudi.

Majani na maua makavu yanapendeza lakini si ya nusu saa, kwa kuwa yanahitaji wiki moja hadi tatu chini ya vitabu vizito, kati ya karatasi zinazonyonya maji. Anza leo kwa ajili ya kadi za mwezi ujao. Chagua yaliyo bapa. Ua nene huoza kabla halijakauka.

Kadi inayosimamisha picha ikifunguliwa

Watoto huifurahia hii kuliko zote, na watu wazima huifungua mara mbili. Inaonekana ngumu, lakini ni mikato miwili tu. Hapa fuata hatua kwa mpangilio:

1. Kata karatasi ya gramu 120 hadi 160, sentimita 14.3 kwa 20.5, uikunje katikati ya ule urefu wa 20.5. Hii ni ya ndani, itabandikwa kwenye kadi baadaye.
2. Ikiwa imekunjwa, anzia kwenye mkunjo ukate mikato miwili sambamba, kila mmoja sentimita 3, ikiachana sentimita 2. Iweke katikati ya mkunjo.
3. Kunja ulimi uliopatikana mbele na nyuma, ili karatasi ishike alama.
4. Fungua karatasi, sukuma ulimi kutoka nyuma utokeze ndani, kisha funga kadi ikiwa hivyo na ubane. Ukifungua, kisanduku kidogo kitasimama.
5. Igeuze kadi mkunjo ulale, ifunguke kwenda juu, ubandike picha kwenye uso wa mbele wa kisanduku.
6. Paka gundi nyuma ya karatasi ya ndani, ukiepuka kabisa mgongo wa kisanduku, uibandike kwenye kadi mkunjo kwa mkunjo.

Kuna hesabu moja ya kukumbuka. Kadi ikifungwa, kisanduku hulala na kufika mara mbili ya urefu wa mkato. Mkato wa sentimita 3 unafika 6, na kurasa zetu zina 10 na kidogo, kwa hiyo tuko salama. Mkato wa sentimita 6 ungechungulia nje. Picha nayo huanzia pale mkato unapoishia, hivyo isizidi sentimita 7 kwenda juu. Mtu asipoijua hesabu hii hushangaa kuona kichwa cha ndege kinatokeza kwenye kadi iliyofungwa.

Herufi za mbele

Si lazima uwe na mwandiko mzuri. Unahitaji mistari miwili ya penseli na katikati. Hesabu herufi: HONGERA ina saba, kwa hiyo G ndiyo ya katikati. Iandike kwanza katikati ya kadi, kisha nenda kulia na kushoto. ASANTE ina sita, kwa hiyo katikati ni nafasi kati ya A ya pili na N. Herufi I ihesabu kama nusu, na nafasi kati ya maneno ihesabu kama herufi moja. Namna hii hutabaki na neno lililosongamana upande wa kulia.

Ukitaka herufi zenye uzito, andika neno kwa mwandiko wako wa kuunganisha, halafu kila mahali kalamu iliposhuka chini ongeza mstari wa pili ubavuni na ujaze katikati. Panapopanda juu pabaki pembamba. Neno la kawaida hugeuka kuwa la kupendeza kwa dakika mbili.

Halafu subiri. Wino wa kalamu nyingi huonekana umekauka kabla haujakauka. Niliwahi kuharibu kadi ya harusi ya rafiki yangu kwa kufuta penseli mapema: kifutio kiliburura wino mweusi juu ya majina yote mawili, na ilikuwa asubuhi ya siku yenyewe. Iliniuma sana. Sasa naacha robo saa kamili, naijaribu kwa kugusa kona ya herufi na karatasi laini, ndipo nafuta.

Majina nayo yaandike kwanza kwenye karatasi ya pembeni na kuyahakiki. Hakuna pambo linaloweza kufunika jina la mtu lililokosewa.

Gundi

Gundi nyeupe ya maji inashika sana, lakini maji yake huvimbisha nyuzi za karatasi na kadi ikikauka inajipinda. Itumie kwa nukta ndogo tu, kwenye vitu vizito kama kifungo au kipande cha kitambaa. Kwa karatasi juu ya karatasi tumia gundi ya kijiti, ukianzia katikati kwenda kingoni hadi upite nje ya ukingo, juu ya karatasi chakavu, kwa sababu kingo ndizo zinazobanduka kwanza. Selotepu ya pande mbili ni ya haraka kuliko zote na haina maji, ila haikupi nafasi ya kurekebisha. Kadi ikimalizika, ilaze chini ya vitabu vizito kwa saa moja ikiwa imefunikwa kwa karatasi safi.

Bahasha kutoka karatasi moja

Kadi yetu ya sentimita 10.5 kwa 14.8 inaenea kwenye bahasha unayoitengeneza kwa mraba wa sentimita 21, yaani A4 iliyokatwa ziada. Weka mraba mbele yako ukiwa umesimama kwa kona, kama almasi. Laza kadi katikati, kwa ulalo. Kunja kona za kushoto na kulia ziingie ndani, ukiacha nafasi ya milimita mbili kila upande ili kadi isikwaruze. Ncha zake zitakaribia kukutana katikati. Kunja kona ya chini kwenda juu. Utaona ncha yake inafika karibu na ukingo wa juu, kwa hiyo ikate sentimita tatu hivi. Toa kadi, paka gundi kwenye kingo za kona hiyo ya chini peke yake, uibandike juu ya zile za pembeni. Kona ya juu ndiyo kifuniko.

Pale mikunjo miwili inapokutana, kata kipembe kidogo cha umbo la V. Hilo linaondoa vifundo vinavyofanya bahasha za nyumbani zionekane zimevimba kwenye kona. Kama kadi itapita posta, itengeneze bahasha kwa karatasi nene kidogo, na kadi yenye kifungo au picha inayosimama ipelekwe kwa mkono au itiwe kadibodi nyembamba ndani, kwa sababu mashine za kuchambua barua huzipitisha kwenye mikanda inayobana.

Ukihitaji kadi nyingi

Kadi kumi na mbili zinataka karatasi sita za A4. Usitengeneze moja hadi mwisho ndipo uanze nyingine. Kata zote, kisha chimba mifereji yote, kisha kunja zote, kisha piga muhuri zote. Mkono ukishazoea kitendo kimoja huenda haraka na makosa hupungua. Tengeneza kumi na nne kwa ajili ya kumi na mbili, ili zikiharibika mbili usilazimike kutoa vifaa upya. Sehemu ya ndani ndiyo usiyoifanya kwa mkupuo. Gawa jioni tatu, uandike nne kila jioni, maana ukifika ya saba kwa siku moja utaanza kunakili ulichomwandikia wa pili, na watu wanaofahamiana huonyeshana kadi.

Zile mbili zilizobaki ziweke tupu ndani ya kitabu kizito, pamoja na bahasha zake. Habari za mtu kulazwa hospitali au kujifungua huja usiku, maduka yakiwa yamefungwa, na asubuhi utakuwa umebakiza maneno tu.